Soseji ya Kuku na Thamani Yake kwa Siha ya Mwili

(Mhadhara uliosomwa mbele ya wazazi, walimu na wauguzi mjini Mombasa)

Nawashukuru waliochagua maudhui ya leo, kwani wako watu ambao wangedhani kwamba soseji ni jambo dogo mno kustahiki mhadhara, ilhali chakula kiliwacho na watoto wetu kila uchao, kabla ya kengele ya shule na baada yake, hakiwezi kuwa jambo dogo, na mtu asiyekipima leo atalazimika kukipima baadaye mbele ya tabibu.

Makusudi yangu ni kuieleza soseji ya kuku, ile ambayo Wamarekani huitia katikati ya mkate mrefu na kuiita hotdogi, na ambayo sisi huila na chipsi, au huipokea kandokando ya barabara ikiwa imepasuliwa na kujazwa kachumbari. Nataka kuieleza kwa insafu: imetengenezwa kwa nini, ina nini cha kuujenga mwili na nini cha kuudhuru, nani anafaa kuila, na kwa kadiri gani. Rai yangu naitanguliza ili msikilizaji ajue njia tunayoishika: soseji ya kuku si sumu, wala si kuku. Ni kitoweo cha chumvi chenye nyama ndani yake, na mahali pake ni pa mara moja moja, wala si katika mkoba wa mtoto wa shule siku tano za juma.

HOJA YA KWANZA: ASILI YAKE NA JINSI ITENGENEZWAVYO

Soseji laini ya namna hii asili yake ni nchi za Ujerumani na Austria, na majina ya miji ya Frankfurt na Vienna yangali yameambatana nayo hadi leo. Wahamiaji wa Kijerumani waliipeleka Marekani katika karne ya 19, na huko ikaenea katika mitaa, fukwe na viwanja vya michezo. Muda wote huo nyama yake aghalabu ilikuwa ya nguruwe au ya ng'ombe. Kuku aliingia baadaye, katika miaka iliyofuata Vita vya Pili vya Dunia, wakati wafugaji wa Marekani walipojikuta na kuku wengi kuliko walivyoweza kuwauza, maana siku zile kuku aliuzwa mzima na mpishi alihitaji muda mrefu kumtayarisha. Katika Chuo Kikuu cha Cornell, jimbo la New York, alikuwapo profesa wa elimu ya kuku, Robert Baker, aliyezaliwa mwaka 1921 na kufariki mwaka 2006, ambaye pamoja na wenziwe walibuni vyakula vingi kutokana na nyama ya kuku, miongoni mwavyo vile vipande vilivyopakwa unga na kukaangwa ambavyo watoto wetu wanavijua sana, na soseji ya kuku. Natanguliza habari hii ili ieleweke kwamba chakula hiki hakikuzaliwa kwa hila. Kilizaliwa kwa nia ya kuwasaidia wakulima na kuzuia nyama isipotee bure, na nia hiyo ilikuwa njema.

Sasa natuingie kiwandani. Kuku akishatolewa kidari na mapaja, ambavyo huuzwa kwa bei ya juu, hubaki mgongo, shingo na mifupa ya kifua, vyote vikiwa na nyama iliyoshikamana navyo ambayo kisu cha mkono hakiwezi kuitoa kwa faida. Mabaki hayo hutiwa katika mashine iyasukumayo kwa nguvu nyingi dhidi ya chujio lenye matundu madogo sana. Nyama, mafuta na uboho hupenya, mifupa hubaki nyuma, na kitokacho upande wa pili ni rojo la rangi ya waridi, laini kama uji mzito. Katika Marekani, tangu mwaka 1996, sheria huruhusu rojo hilo la kuku litumike kwa kiasi chochote katika soseji, mradi liandikwe waziwazi juu ya pakiti. La nguruwe haliruhusiwi kupita asilimia 20, na la ng'ombe lilikatazwa kabisa kuliwa na binadamu mwaka 2004, kwa hofu ya yale maradhi ya ubongo wa ng'ombe.

Nawasihi mtu yeyote asitoke hapa akasema kwamba nimeiita soseji takataka. Rojo lile lina protini ya kweli, na kwa sababu ya chembe ndogo mno za mfupa zipitazo katika chujio, lina kalsiamu nyingi kuliko nyama ya kidari. Lakini lina mafuta mengi zaidi vilevile, na halina umbo. Haliwezi kuwa soseji mpaka lishikanishwe. Hapo ndipo zinapoingia barafu, chumvi, viungo, wanga au unga wa soya, na dawa ya kuhifadhi nyama nitakayoieleza katika hoja ya nne. Barafu huzuia mafuta yasiyeyuke wakati visu vinapozunguka kwa kasi. Chumvi nayo huzilainisha protini za msuli zikanata, zikayashika maji na mafuta pamoja, na mchanganyiko ule ukipashwa moto ndani ya gamba lake hukaza na kuwa kile kitu cha mviringo mnachokijua. Likumbukeni sana jambo hili: chumvi ya soseji haikutiwa kwa ajili ya ladha peke yake, ndiyo iishikayo soseji isisambaratike, na kwa hiyo mtengenezaji hawezi kuipunguza atakavyo bila ya kubadili namna ya kazi yake.

Nimeulizwa mlangoni, kabla hatujaanza, habari ya gamba lenyewe, kama si la nguruwe. Jibu ni kwamba soseji nyingi za kiwandani hupikwa ndani ya gamba lililotokana na mimea, ambalo huvuliwa kabla ya kufungwa pakitini. Nyingine hutumia gamba litokanalo na ngozi ya ng'ombe. Na ziko zinazotumia utumbo wa kondoo au wa nguruwe, hata pale ambapo nyama ya ndani ni ya kuku. Kwa hiyo Mwislamu ana haki ya kuitafuta alama ya halali, na afanye hivyo. Ila alama ile hujibu swali la machinjo na la gamba. Haijibu swali la chumvi wala la mafuta, na mama aliyeiona akatulia moyo ametimiza wajibu mmoja, na wa pili ungali unamngoja.

HOJA YA PILI: MIZANI YA KILICHOMO NDANI

Hapa naomba mnivumilie kwa wingi wa hesabu, kwani pasipo mizani maneno ya siha hugeuka ubishi wa barazani. Tuchukue soseji moja ya kuku yenye uzito wa gramu 45. Kwa kadiri ya zile zitengenezwazo Marekani, ambako vipimo vyake vimechukuliwa kwa miaka mingi, ndani yake mna takriban kalori 100 hadi 115, protini gramu 6 hadi 7, mafuta gramu 7 hadi 9, na sodiamu, ambayo ndiyo ile sehemu ya chumvi itushughulishayo, miligramu 450 hadi 600. Nyuzinyuzi hamna. Soseji ya ng'ombe yenye uzito ule ule ina kalori karibu 145, mafuta gramu 13 hivi, na protini gramu 5. Basi asemaye kwamba soseji ya kuku ina mafuta machache kuliko ya ng'ombe asema kweli. Na yale mafuta mazito yagandayo, ambayo matabibu huyahusisha na maradhi ya moyo, katika ya kuku ni takriban nusu tu. Haki hiyo tuipe soseji ya kuku bila ya choyo, na kwa mtu ambaye hana budi kula soseji, hiyo ndiyo afadhali.

Lakini mzazi anunuapo soseji ya kuku, moyoni mwake hailinganishi na soseji ya ng'ombe. Huilinganisha na kuku. Amesikia kutoka kwa matabibu kwamba nyama ya kuku ni nyepesi na ni bora kuliko nyama nyekundu, akaichukua sifa hiyo ya kuku mzima akaivika pakiti ile. Natulinganishe basi kama alinganishavyo yeye. Kidari cha kuku kilichochomwa bila ya ngozi, gramu 45 hizo hizo, kina protini karibu gramu 14, mafuta yasiyofika gramu 2, na sodiamu miligramu 33 hivi kabla mpishi hajatia chumvi yake. Maana yake ni kwamba ili kupata protini ya kipande kile kidogo cha kidari, mtoto atalazimika kula soseji mbili, na pamoja nazo ameze mafuta zaidi ya mara nane na sodiamu zaidi ya mara 25. Sifa ya kuku haikuvuka kiwanda pamoja na nyama yake.

Tena angalieni lile gari la mkono la muuzaji wa smoki pasua, yaani zile soseji za njiani zilizopasuliwa, ambalo hakuna mtaa wa mji huu usiolijua. Juu yake, kando ya smoki, yamepangwa mayai ya kuchemsha, nayo hupasuliwa na kutiwa kachumbari ile ile. Yai moja lina protini gramu 6, sawa na soseji; lina kalori 70 hivi, na sodiamu miligramu 70. Vitu viwili vilivyo jirani katika gari moja, vikiuzwa na mkono mmoja, na mtoto akiwa na sarafu zake mkononi hana mtu wa kumwambia kwamba kimoja kinampa kile kile akipatacho katika cha pili, bila ya mzigo wa chumvi. Mimi namwambia leo kupitia kwenu.

HOJA YA TATU: CHUMVI

Hii ndiyo hoja ninayoiona kuwa nzito kuliko zote, na ndiyo iliyonifanya nikubali kusimama hapa. Shirika la Afya Duniani limependekeza mtu mzima asizidishe miligramu 2,000 za sodiamu kwa siku, ambazo ni sawa na gramu 5 za chumvi, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai, tena kwa vyakula vyote vya siku nzima. Na mtoto apunguziwe kulingana na mahitaji ya mwili wake. Sasa tufanye hesabu ya hotdogi moja iliyokamilika. Soseji yenyewe ina miligramu kama 500. Mkate wake una 200 hivi, kwani mkate nao hautengenezwi bila ya chumvi. Kijiko kimoja cha sosi ya tomato kina karibu 150. Jumla ni 850. Kijana aliye na njaa hali moja. Hula mbili, na mbili ni 1,700. Amekwisha kuimaliza karibu posho yote ya mtu mzima, na bado hajaonja chakula cha mchana cha nyumbani kwao, wala mchuzi wa jioni, wala chipsi zilizonyunyiziwa chumvi mbele ya macho yake.

Na hapa ndipo jina la kuku linapotupoteza zaidi. Katika mafuta, soseji ya kuku imeishinda ya ng'ombe. Katika chumvi haikuishinda. Ukizisoma pakiti mbili hizo bega kwa bega, mara nyingi utakuta sodiamu ni ile ile, na mara nyingine ya kuku imezidi. Kwa hiyo mzee aliyeambiwa na tabibu aache nyama nyekundu kwa sababu ya shinikizo la damu, akahamia soseji za kuku akidhani ametii, hakuyatimiza aliyoagizwa.

Najua watu wa pwani tutasema: sisi ni walaji wa papa mkavu na samaki wa ng'onda tangu enzi za mababu, na chumvi hatukuanza kuijua leo. Ni kweli. Lakini hebu tukumbuke jinsi bibi zetu walivyompika yule papa. Walimroweka, wakamwaga maji, wakamroweka tena, na kipande kimoja kikatosha kukoleza sufuria nzima ya mchuzi wa nazi ulioliwa na watu wanane. Walijua kwamba ni kitu cha chumvi, wakamtendea hivyo. Soseji hairowekwi, na chumvi yake huliwa pamoja nayo. Na mlaji wake hajui kwamba anakula kitu cha chumvi, maana ulimi wake unakutana na viungo, moshi na utamu wa sosi kabla ya kuitambua chumvi yenyewe. Mazoea ya zamani yalikuwa na adabu yake. Mazoea haya mapya bado hatujayawekea adabu.

Wengine husema kwamba joto letu na jasho letu hudai chumvi nyingi. Kwa mfanyakazi wa bandarini apakuaye mizigo juani hoja hiyo ina sehemu yake. Kwa mtoto aketiye darasani na kwa karani aketiye ofisini haina, kwani chumvi ihitajiwayo na mwili ni ndogo, na chakula chetu cha kawaida huitoa na kuzidi. Chumvi iliyozidi huvuta maji katika damu, damu ikajaa, mishipa ikabanwa, na kwa muda wa miaka shinikizo hilo huuchosha moyo, huziharibu figo, na huweza kuleta kiharusi. Ugonjwa huu hauna kelele. Mtu huishi nao miaka kumi bila ya maumivu, na siku aangukapo, mkono mmoja na nusu ya uso wake vimekwisha kufa. Kuna familia ngapi katika ukumbi huu ambazo hazikumuuguza mtu wa namna hiyo?

Liko jambo la mwisho juu ya chumvi, nalo ni la watoto. Ulimi hufunzwa. Mtoto aliyezoeshwa chakula chenye chumvi kali huviona vyakula vingine vyote kuwa chapwa, akaisukuma sahani ya mbaazi na kudai soseji, na mama akadhani kwamba mwanawe ana tabia ya kuchagua chakula, kumbe amefundishwa. Na mbaazi hizo, zile za nazi tulazo na mahamri asubuhi, zina takriban gramu 7 za protini katika kila gramu 100 zilizoiva, pamoja na nyuzinyuzi karibu gramu 7 ambazo soseji haina hata chembe. Kinachonihuzunisha si kwamba soseji imeingia mezani petu. Ni kwamba ilipoingia, mbaazi ndizo zilizotoka.

HOJA YA NNE: DAWA YA KUHIFADHI, NA HUKUMU YA MWAKA 2015

Katika soseji nyingi hutiwa kiasi kidogo cha naitraiti ya sodiamu. Sheria ya Marekani haikubali ipite miligramu 156 kwa kila kilo ya nyama. Kazi yake ni njema kwa asili: huzuia kijidudu kiitwacho Clostridium botulinum, ambacho sumu yake ni miongoni mwa sumu kali kuliko zote zijulikanazo, na pia huipa nyama ile rangi ya waridi na ladha yake mahsusi. Lakini naitraiti yaweza kuungana na vipande vya protini, tumboni au katika kikaango chenye moto mkali, ikafanya vitu viitwavyo naitrosamini, ambavyo baadhi yake husababisha saratani. Watengenezaji wengi hutia kitu cha jamii ya vitamini C ili kupunguza muungano huo, na ni vema. Ziko pia pakiti zinazojisifu kwamba hazikutiwa naitraiti, ilhali zimetiwa unga wa mmea wa seleri, ambao kwa asili una naitreti nyingi igeukayo kuwa naitraiti ile ile. Mnunuzi asilipe zaidi kwa sababu ya maneno hayo.

Mnamo Oktoba 2015, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, tawi la Shirika la Afya Duniani lililoko Lyon, Ufaransa, liliwakutanisha wataalamu 22 kutoka nchi 10, wakazipitia tafiti zaidi ya 800, kisha wakahukumu kwamba nyama iliyosindikwa, yaani iliyotiwa chumvi, kuvundikwa, kukaushwa kwa moshi au kuhifadhiwa kwa njia kama hizo, husababisha saratani ya utumbo mpana. Nyama ya kuku iliyosindikwa haikuachwa nje ya tafsiri hiyo, ingawa tafiti nyingi zilizotegemewa zilihusu zaidi nyama nyekundu. Nyama ya kuku isiyosindikwa haimo kabisa katika hukumu ile.

Habari hizi zilipofika kwetu zilifika zimekuzwa, watu wakaambiana kwamba soseji ni sawa na sigara, kwa kuwa zote zimewekwa katika kundi moja. Si sawa. Kundi lile huonyesha uthabiti wa ithibati, yaani kwamba wataalamu wana yakini. Halionyeshi ukubwa wa madhara, na madhara ya tumbaku ni makubwa mno kupita ya soseji. Wataalamu wale walikadiria kwamba kila gramu 50 ziliwazo kila siku huongeza hatari ya saratani hiyo kwa asilimia 18. Wako walioelewa kwamba watu 18 katika kila 100 wataugua, nao wamekosea. Tuseme kwa mfano tu kwamba katika mji fulani watu 50 kati ya 1,000 hupata saratani hiyo katika maisha yao. Kama wote 1,000 wangekula gramu 50 kila siku, hesabu ingepanda ikawa 59. Hao tisa ni watu, wana majina na jamaa, nami siwadharau. Lakini ni tisa, wala si 180. Na gramu 50 ni soseji moja na kitu kidogo, kila siku, kwa miaka. Alaye moja katika sherehe ya ndugu yake asipoteze usingizi.

HOJA YA TANO: MOTO, NA KOO LA MTOTO

Hoja hii nitaipita kwa haraka, si kwa kuwa ni ndogo, bali kwa kuwa dawa yake ni nyepesi. Soseji hutoka kiwandani ikiwa imepikwa, na kwa ajili hiyo wengi huila baridi au vuguvugu. Lakini baada ya kupikwa huvuliwa gamba na kufungwa, na hapo yaweza kuingiliwa na kijidudu cha listeria, ambacho hustawi hata ndani ya jokofu. Afrika Kusini, mwaka 2017 na 2018, poloni, ambayo ni ndugu wa soseji kwa utengenezaji, ilieneza maradhi hayo. Zaidi ya watu 1,000 waliugua, 216 walikufa, na karibu wanne katika kila wagonjwa kumi walikuwa watoto wachanga ambao hawajafikisha mwezi. Basi mama mjamzito, mzee, na mtu mwenye kinga dhaifu wasile soseji ambayo haikupashwa moto hadi ikatoa mvuke mpaka ndani, yaani nyuzi 74 za Selisiasi. Na wauzaji wa magari ya mkono, ambao riziki yao naiheshimu, wasikate kachumbari kwa kisu kilichotoka kupasulia pakiti.

La pili ni koo. Madaktari wa watoto wa Marekani wameitaja hotdogi kuwa miongoni mwa vyakula vinavyoongoza kwa kuwakaba watoto, kwa kuwa umbo lake la mviringo na ulaini wake huziba njia ya pumzi barabara. Mtoto wa chini ya miaka minne asipewe vipande vya mviringo. Soseji ikatwe kwa urefu, kisha ikatwe tena kwa urefu, iwe vijiti vyembamba.

YATUPASAYO KUANZIA SASA

Mheshimiwa Mwenyekiti, wako watakaosema kwamba mlaji ana hiari yake na kwamba serikali haina kazi katika mlo wa mtu. Hiari ni ya mwenye kujua, na karatasi ya pakiti iliyoandikwa kwa herufi ndogo upande wa nyuma haimjulishi mama aliyeko dukani na mtoto mgongoni. Afrika Kusini ilitunga kanuni mwaka 2013 za kuweka mpaka wa sodiamu katika mkate, soseji na vyakula vingine vya kiwandani, zikaanza kutumika mwaka 2016 na kukazwa mwaka 2019, na viwanda vikabadili mapishi yao. Chile, tangu mwaka 2016, huvipiga vyakula vyenye sodiamu nyingi alama nyeusi mbele ya pakiti, na chakula chenye alama hiyo hakiuzwi ndani ya shule. Mpaka wao sasa ni miligramu 400 katika kila gramu 100, na soseji ya kuku niliyoipima leo ina zaidi ya mara mbili ya hizo. Mambo haya yamefanywa na nchi zenye viwanda na wafanyabiashara kama sisi. Nayaomba mashirika yetu ya viwango yayafanye, na nawaomba wenye viwanda wa hapa nyumbani wasingoje kulazimishwa.

Wakati tukingoja sheria, kuna kazi ya kila nyumba. Nunua kuku, hata nusu yake, umsage mwenyewe. Tia kitunguu saumu, tangawizi, dania na pilipili manga, na chumvi uipime kwa kijiko chako. Fanya kababu, uzioke au uzikaange kwa mafuta kidogo, na mtoto apewe hizo ndani ya mkate wake. Ni kuku kweli, na chumvi yake unaijua. Kwa asiye na nafasi hiyo, yai la kuchemsha na mbaazi za jana vinatosha. Na soseji ya pakiti ikae kwa siku za sherehe na safari, moja, iliyopashwa moto sawasawa, pamoja na kachumbari nyingi na bila ya sosi.

Ombi langu kwa kamati za shule zilizowakilishwa hapa ni kwamba katika kikao chenu kijacho muliangalie duka la shule na wauzaji wa langoni, mzungumze nao kwa adabu, na mkubaliane kwamba yai na matunda vitangulie mbele na soseji isiuzwe kila siku. Wazazi, someni mstari wa sodiamu kabla ya kusoma bei. Nanyi wauguzi, mnapompima mtu shinikizo la damu, muulizeni amekula nini asubuhi, na jibu lake mliandike katika kadi yake kando ya kipimo.